KILA RISASI NA HESABU YAKE

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, mbele ya walimu, wanafunzi na wanachama katika mkutano wetu wa mwaka.)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya mchezo mmoja ambao haupo katika shule yetu, ili vijana wajue kwamba michezo ya dunia haiishii kwenye mpira wa miguu na mbio. Nimechagua mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola, pamoja na ufundi unaofuatana nao, yaani ufundi wa kujaza upya maganda ya risasi. Najua wapo kati yenu watakaoguna na kuulizana, "Bastola tena? Hapa kwetu Tarime?" Naam, hapa kwetu Tarime, na kwa ndugu zetu wa Serengeti. Katika wilaya hizi mbili neno risasi halimkumbushi mtu mchezo. Humkumbusha ng'ombe walioswagwa usiku, au mzoga wa tembo uliokutwa porini bila pembe. Kwa sababu hiyo hasa nimeona yafaa tulizungumze jambo hili waziwazi, tena mbele ya vijana.

Nitakalosema ni moja tu. Risasi iliyo mikononi mwa mchezaji na risasi iliyo mikononi mwa mwizi zaweza kuwa zimetoka kiwanda kimoja. Kinachozitenga ni hesabu. Ya kwanza inajulikana ilikotoka, ilipopigwa na ilipotua. Ya pili hakuna anayeitolea hesabu.

MCHEZO WENYEWE

Kulenga shabaha si mchezo wa juzi. Michezo ya Olimpiki ya kisasa ilipoanza mjini Athens mwaka 1896, bastola ilikuwamo. Na Pierre de Coubertin, yule Mfaransa aliyeifufua Michezo hiyo, mwenyewe alikuwa mlengaji wa bastola. Siku hizi katika Olimpiki hutumika bastola za aina mbili. Ya kwanza ni bastola ya upepo, ambayo haina baruti kabisa. Hewa iliyoshindiliwa ndiyo inayosukuma kirisasi chenye upana wa milimita 4.5. Mchezaji husimama meta 10 kutoka kwenye shabaha, hushika bastola kwa mkono mmoja bila kuegemea kitu chochote, na hupiga mara 60 katika muda wa dakika 75. Duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5, karibu sawa na kifungo cha shati. Anayepata kumi mara zote 60 atakuwa na alama 600. Hakuna aliyewahi kuzipata katika mashindano makubwa ya dunia: Jin Jong-oh wa Korea ya Kusini alifikia 594 mwaka 2009, na ulimwengu mzima wa walengaji ukashangaa.

Bastola ya pili hutumia risasi ndogo ya milimita 5.6 na hupigwa meta 25. Katika shindano la wanaume la kupiga haraka, shabaha tano hupangwa kwa mstari, na mchezaji hutakiwa kuipiga kila moja mara moja: tano zote katika sekunde 8, kisha katika sekunde 6, na mwisho katika sekunde 4.

Nje ya Olimpiki kuna mashindano ambamo mchezaji hatulii mahali pamoja. Chama cha kimataifa kijulikanacho kwa herufi IPSC, kilichoundwa Columbia, Missouri, nchini Marekani mwaka 1976, huwapangia wachezaji njia yenye vizuizi na shabaha nyingi, kisha alama walizopata hugawanywa kwa sekunde walizotumia. Aliye hodari lakini mzito hushindwa, na mwepesi asiyelenga hushindwa vilevile. Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuupokea mchezo wa namna hii. Mwaka 2021 waliandaa mashindano ya Afrika ya chama kingine, IDPA, katika uwanja wa polisi wa Kirigiti, Kiambu. Kwa hiyo jambo hili si la Wazungu wa mbali peke yao.

Vijana mnaosoma hisabati, nawaombeni mfuate hesabu hii. Bastola ina vilengeo viwili, cha mbele na cha nyuma. Tuseme vimeachana kwa sentimeta 30. Sasa kilengeo cha mbele kikiegemea upande mmoja kwa milimita 1 tu, kosa hilo hukua kadiri risasi inavyokwenda. Meta 10 ni mara 33 ya sentimeta 30; kwa hiyo milimita 1 mkononi huwa milimita 33 kwenye shabaha, na kumi yako imegeuka kuwa sita. Lakini mkono mzima ukisogea milimita 1 huku vilengeo vyote viwili vikiwa sawasawa, risasi nayo husogea milimita 1 tu, na kumi yako inabaki. Basi mwalimu wa mchezo huu hamwambii mwanafunzi auzuie mkono usitikisike, maana mkono wa mtu aliye hai hutikisika daima. Humwambia aangalie vilengeo vyake, avute pumzi, aitoe nusu, kisha abane kifyatuo polepole bila kukishtua. Na akiona dakika imepita na hali haijatulia, ashushe bastola, apumzike, aanze upya. Kushusha bastola bila kupiga ni sehemu ya ufundi, na wengi huchukua miaka kabla hawajaiweza.

Nitawapeni mfano wa mtu mmoja. Károly Takács alikuwa askari wa Hungaria. Mwaka 1936 alikuwa tayari mlengaji mkubwa, lakini hakupelekwa Olimpiki kwa sababu alikuwa sajini, na timu ilikuwa ya maofisa. Mwaka 1938 bomu la mkono lilimlipukia mazoezini likauharibu mkono wake wa kulia, ule aliolengea. Akajifundisha upya kwa mkono wa kushoto, kimya kimya. Mwaka 1948, London, akiwa na umri wa miaka 38, alipata medali ya dhahabu ya bastola ya kupiga haraka, na mwaka 1952 akaipata tena kule Helsinki. Vijana wanaodhani kwamba bastola ni njia ya mkato ya kuwa mwanamume wamfikirie mtu huyu, aliyeanza kujifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

GANDA LINALOJAZWA MARA YA PILI

Sasa niingie katika ufundi wa kujaza risasi. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyo kwenye kitako chake, baruti iliyo ndani, na risasi yenyewe iliyo mdomoni. Kifyatuo kinapobanwa, fataki hugongwa, cheche yake huwasha baruti, na gesi ya baruti huisukuma risasi itoke. Baruti imeungua na risasi imekwenda, lakini ganda limebaki, na ganda ndilo sehemu ya gharama kubwa. Likiwa zima laweza kutumika tena mara kadhaa. Ndiyo maana katika nchi ambazo sheria inaruhusu, wachezaji wengi hukusanya maganda yao na kuyajaza upya. Risasi ndogo ya milimita 5.6 haijazwi, kwa kuwa fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda. Zinazojazwa ni zile kubwa zaidi zenye fataki katikati.

Kazi hiyo huenda hivi. Ganda husafishwa na kukaguliwa mojamoja. Lenye ufa hutupwa. Kwa kuwa lilitanuka lilipopigwa, hupitishwa katika kalibu ya chuma ili lirudi kipimo chake. Fataki iliyokufa hutolewa na mpya huwekwa. Baruti hupimwa, risasi hukazwa mdomoni, kisha kila moja hupimwa urefu. Sababu ya taabu yote hii ni mbili. Kwanza ni fedha, maana mchezaji hodari hupiga maelfu ya risasi kwa mwaka. Pili ni usawa: mchezaji anataka risasi ya mia moja iende sawasawa kabisa na ile ya kwanza. Mashindano ya IPSC yenyewe huzipima. Huchukua uzito wa risasi kwa kipimo kiitwacho grein, huuzidisha kwa mwendo wa futi kwa sekunde, kisha hugawanya kwa 1000. Risasi ya grein 124 yenye mwendo wa futi 1050 hupata 130. Ambaye risasi zake hazikufika 125 huweza kuendelea kupiga, lakini alama zake hazihesabiwi.

Grein moja, ndugu zangu, ni chini ya sehemu kumi ya gramu. Baruti ya risasi moja ya bastola haifikii uzito wa punje chache za mahindi. Ganda lina nafasi kubwa kuliko kipimo hicho. Fundi akizubaa akalijaza mara mbili, halitamwonya. Litamwonya siku ya kupiga, na siku hiyo bastola yaweza kupasuka mkononi mwake. Kwa hiyo mafundi wa kweli wana sheria kali kuliko za maabara yetu ya kemia. Mezani huwekwa aina moja tu ya baruti. Hapavutwi sigara, hapapigwi soga, na redio huzimwa. Mizani hukaguliwa kabla ya kuanza. Kila sanduku hubandikwa karatasi yenye tarehe, aina ya baruti, uzito, na idadi ya mara ambazo maganda yale yamekwisha kutumika. Fundi ana daftari, na kila risasi yake imo ndani ya daftari hilo.

Nalitaja daftari kwa makusudi. Sikusudii mtu yeyote aliyeko hapa aende nyumbani akajaribu ufundi huu. Katika nchi yetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai; kazi hiyo ni ya viwanda, kama Shirika la Mzinga la Morogoro, ambalo limekuwapo tangu miaka ya 1970. Ninalotaka mlione ni kwamba hata pale ambapo mtu anaruhusiwa kujaza risasi zake mwenyewe, uhuru wake umefungwa na kipimo na maandishi.

WAZEE WETU NA SHABAHA

Watu wa huku kwetu hawakufundishwa kulenga na mgeni. Mkuria, Mngoreme, Mwikoma, Mnata na Mwisenye walikuwa na upinde kabla hawajaiona bunduki. Mwindaji wa mishale yenye sumu ya msunguti hakupata mishale mingi ya kupoteza, na sumu ilikuwa kali mno kwa mtu wa kuchezea. Mtoto hakupewa mshale wenye sumu. Alianza na kijiti kisicho na ncha. Baadaye likaja gobore, ambalo kwa kweli ndilo la kwanza kutufundisha kujaza: baruti kwa mdomo wa mtutu, kisha tambara, kisha risasi, na kushindilia. Mwenye gobore alipiga mara moja tu, na ilimbidi afikiri kabla ya kupiga.

Wakati wa ukoloni wa Waingereza, vijana wa wilaya iliyokuja kuitwa Mara Kaskazini walijiandikisha kwa wingi katika KAR. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa KAR walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Huko walijifunza desturi moja ambayo majeshi yetu wameirithi mpaka leo. Askari akienda uwanja wa shabaha hupewa risasi za kuhesabiwa. Akimaliza, hurudisha maganda, na maganda pamoja na risasi zilizobaki sharti yalingane na zile alizopewa. Ikipungua moja, hakuna anayeondoka. Kikosi kizima huinama majanini kutafuta. Kijana asiyejua huona ni mateso ya bure kwa ajili ya kipande cha shaba. Wazee waliona kwamba jeshi lisilojua risasi zake ziko wapi si jeshi tena.

Baada ya Uhuru likaja Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 mgambo wakaenea vijijini. Maelfu ya wananchi wa kawaida, wakulima na walimu, walijifunza kulenga chini ya nidhamu ile ile. Kizazi changu hakikupitia JKT kwa mujibu wa sheria, kwa sababu utaratibu huo ulisimama mwaka 1994 na ukarudi mwaka 2013. Lakini ninyi vijana mtakaomaliza kidato cha sita mnaweza kujikuta Rwamkoma, hapa hapa mkoani Mara, au kambi nyingine, mkilala kifudifudi mbele ya shabaha, na mkufunzi akihesabu maganda yenu.

RISASI ZISIZO NA HESABU

Basi nini kilituharibikia? Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vijana wetu walikwenda, wakapigana kwa ushujaa, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Lakini vita vile vilipokwisha, silaha nyingi zilizotupwa na jeshi lililoshindwa zilizagaa, nyingine zikavuka mipaka kwa njia za magendo. Kwa mara ya kwanza pakawa na bunduki za kivita na risasi zake ambazo hazikuandikwa katika daftari la ghala lolote.

Wizi wa mifugo ulikuwapo tangu zamani, nao ulikuwa mbaya. Lakini wezi wa zamani walikuja na mikuki na mishale, na kijiji kiliweza kuwafuata na kuwakabili. Katika miaka ya 1980 walikuja na bunduki zinazomimina risasi, na ng'ombe hawakutafutwa tena kwa ajili ya mahari tu. Walivushwa mpaka na kuuzwa kwa fedha taslimu. Walioathirika ni watu mnaowafahamu. Ni mjane aliyebaki na boma tupu. Ni mtoto aliyeacha shule kwa kuwa ng'ombe wa ada hayupo tena. Ni familia zilizohama mpakani na kuacha mashamba. Sungusungu walipoanza kwetu, baada ya kuanzia Usukumani na Unyamwezini, walikuwa ni wananchi waliochoka kuzikana.

Upande wa Serengeti hali ilikuwa hiyo hiyo. Hesabu ya tembo iliyofanywa kwa ndege mwaka 1986 katika Serengeti yetu iliwaona chini ya 500, hali miaka kumi na mitano nyuma walikuwa zaidi ya 2000. Faru walikuwa wamekaribia kwisha. Ikabidi Serikali ifanye Operesheni Uhai mwaka 1989. Wanyama wamerudi kwa sehemu kubwa, nasi tunajua gharama yake. Mwaka 2010 faru watano waliletwa kwa ndege kutoka Afrika ya Kusini, na taifa zima likashangilia. Kabla mwaka haujakwisha, mmoja wao alikuwa ameuawa na majangili.

Sisemi haya ili kuwatukana watu wetu. Wakuria na majirani zao wamesemwa vibaya vya kutosha na watu wasiowajua. Ninasema kwamba mikono ile ile iliyosifiwa Burma na Kagera, risasi zilipokosa hesabu, baadhi yake iligeuka. Tatizo halikuwa uhodari wa kulenga. Mtu anayemimina risasi thelathini gizani kuelekea zizi la jirani hana uhodari wowote wa kulenga. Hajui hata mmoja wa waliolala ndani ni nani.

SHERIA NA NYUMBA ZETU

Serikali imejaribu kuirudisha hesabu hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilichukua mahali pa ile ya mwaka 1991, na kumweka Msajili wa Silaha. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitoa Azimio la Nairobi mwaka 2000 na kutia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, ambayo inataka kila bunduki itiwe alama na iandikwe, ili ikiokotwa ijulikane ilikotoka. Mwezi Septemba na Oktoba 2022 Serikali ilitoa msamaha kwa waliokuwa na silaha kinyume cha sheria wazisalimishe bila kushtakiwa. Haya yote, ukiyatazama vizuri, ni lile lile daftari la fundi na zile zile hesabu za maganda, ila sasa zinafanywa na nchi nzima.

Lakini sheria ya Dodoma haifiki darini kwa mzee kama sisi wenyewe hatuifikishi. Nataja mambo mawili ambayo wanafunzi wa zamani tunayo uwezo wa kuyarekebisha.

Moja ni gobore la marehemu. Katika nyumba nyingi mzee alikuwa na gobore au bunduki yenye leseni. Mzee amefariki, matanga yamekwisha, ng'ombe na shamba vimegawanywa, na bunduki imebaki darini, hakuna anayeizungumzia. Leseni haigawanywi kama ng'ombe. Ilikuwa ya marehemu, na imekwenda naye. Silaha ile ipelekwe polisi, na anayetaka kuimiliki aombe upya kwa njia ya halali, kuanzia kijijini mpaka Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya na kwenda juu. Kuiacha darini ni kumngojea mjukuu mtundu, au mwizi, aje kuwa mrithi.

La pili linawahusu wale kati yetu ambao tumefanikiwa kidogo na tunamiliki bastola kwa leseni. Imekuwa ada kwa baadhi ya watu kupiga risasi hewani kwenye harusi na sherehe. Risasi iliyopigwa juu haibaki mbinguni. Itashuka, na mwenye kuipiga hajui itashukia bati la nani. Mwanamichezo hupiga pale tu ambapo ameona risasi itaishia wapi. Asiyeweza kanuni hiyo moja, hata awe na cheo gani, hafai kushika silaha.

TUFANYE NINI HAPA SHULENI

Baadhi ya wanachama wetu wamependekeza chama kisaidie kuanzisha klabu ya shabaha shuleni. Wengine wamesema kwamba kuleta shabaha katika shule ya Tarime ni kumwagia petroli moto. Mimi naunga mkono pendekezo hilo, kwa masharti ya utaratibu.

Tuanze na upinde. Upinde ni mchezo wa Olimpiki, na ni wetu. Wakubwa hupiga mishale 72 kwa umbali wa meta 70, kwenye shabaha yenye upana wa sentimeta 122, na alama za juu kabisa ni 720. Wanaoanza waweza kupiga meta 18 tu, kwenye karatasi ya sentimeta 40. Kinachohitajika ni ukingo wa udongo nyuma ya shabaha, kamba ya kuzuia watu, filimbi, na mwalimu asiyebembeleza. Filimbi ikilia mara moja, wote hupiga. Ikilia tena, wote huweka pinde chini. Hakuna anayevuka mstari kuchukua mishale mpaka mikono yote iko mitupu. Kila mshale huandikwa alama yake. Mchezaji akisema amepata tisa, mwenzake hukagua. Mvulana na msichana hupiga sawa. Wazee wa Ikoma na Bumera ambao bado wanajua kuchonga upinde waalikwe. Watakuwa walimu, nasi tutakuwa tumewapa wajukuu wao sababu nyingine ya kuwaheshimu.

Klabu ikidumu miaka miwili au mitatu bila mtu kuumia na bila mshale kupotea, hapo tuzungumze na polisi na wakuu wa JKT kuhusu bastola ya upepo, kwa kibali, katika uwanja wao na chini ya wakufunzi wao. Mashindano ya majeshi yetu yanayosimamiwa na BAMMATA yana mchezo wa kulenga shabaha, na askari wa uhifadhi wanaolinda Serengeti nao wanahitaji vijana wenye macho na subira. Atakayefika huko akiwa amejifunza utulivu hapa hatakuwa amepoteza wakati. Ama risasi za baruti na kujaza maganda, hayo yasikaribie uzio wa shule, leo wala kesho.

Wako watakaouliza kama mtoto wa huku aweza kufika mbali kwa mchezo usio na wafuasi. Suleiman Nyambui alitoka Majita, ng'ambo ya Musoma, na mwaka 1980 kule Moscow alipata medali ya fedha ya meta 5000. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki katika historia yake, hiyo na ile ya Filbert Bayi ya mwaka huo huo. Mkoa wetu una moja kati ya hizo mbili. Anayeona haiwezekani kupata nyingine aanze kwa kueleza hiyo ya kwanza ilipatikanaje.

Mwisho, niwaambieni vijana jambo moja la wazi. Katika mitaa yenu yupo, au atakuwapo, mtu atakayewaonyesha bunduki gizani na kuwaambia kwamba mwenye kitu hiki haogopi mtu. Mwulizeni maswali matatu: imeandikwa wapi, risasi zake ni ngapi, na mara ya mwisho ilipiga nini. Mwanamichezo, askari na mwindaji mwenye kibali watawajibu yote matatu papo hapo. Huyo wa gizani hatajibu hata moja. Mkiona amenyamaza, mjue mmekwisha kupata jibu, mwondoke, na mwende mkamweleze mwalimu au mzazi mnayemwamini.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano uchague kamati ndogo ya watu watano, wawili kati yao walimu, kwa ajili ya klabu ya upinde. Natoa upinde wa kwanza na karatasi 100 za shabaha.